Dhoruba Iliyoanzia Migori

Desemba iliyopita tulimzika Odongo baharia huko Rusinga, na chini ya hema la waombolezaji nikaisikia dhoruba yake ikisimuliwa kwa mara nyingine. Msemaji alikuwa mpwa wake, kijana wa suti ya buluu na maikrofoni iliyopiga mluzi kila alipopaza sauti. Alisema marehemu mjomba wake alifanya kazi kwenye meli za mizigo akiwa kijana. Kwamba siku moja bahari ilichafuka, mawimbi yakasimama kuupita mnara wa kanisa, kengele ikalia, mabaharia wakakimbia huku na huko, na mjomba akajifunga kamba kiunoni akamkamata rafiki yake aliyekuwa akichukuliwa na maji, akamng'ang'ania hadi ngozi ya viganja ikabanduka. Watu wakaguna kwa huruma. Mama mmoja mbele yangu akasema, "Kazi ya meli, wacha tu." Dada yangu Akeyo, aliyekuwa ameketi kando yangu na leso mapajani, hakuguna. Aliniinamia akaninong'oneza, "Opiyo, hiyo mawimbi imekua. Wakati wetu ilikuwa inafika kwa paa ya nyumba peke yake."

Huyo rafiki aliyechukuliwa na maji alikuwa Ouma, mume wa Akeyo. Na mimi nilikuwapo dhoruba hiyo ilipozaliwa. Haikuzaliwa baharini. Ilizaliwa Migori mjini, mbali na maji yoyote ya chumvi, ndani ya chumba chenye paa la mabati na madirisha yaliyozibwa kwa mablanketi, mbele ya televisheni iliyofungiwa kwenye kisanduku cha vyuma. Tangu mwaka ule siwezi kutazama sinema ya meli bila kumshuku kila mtu aliye ndani yake, na mara nyingi hata watu ninaoitazama pamoja nao.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, sina subira, nimechoka kuangaliwa nyumbani kama mzigo uliosahaulika stendi, nikaenda kukaa kwa Akeyo. Alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya video ya Athmani, Mswahili wa Lamu aliyekuja Migori kuuza vitambaa akaishia kuonyesha sinema. Chumba cha mbele kilikuwa hoteli yake: meza tatu, mabenchi, jiko la makaa mlangoni, sufuria ya maharagwe, chapati zilizofunikwa kwa kitambaa, na siku za soko, samaki wa ngege wa kukaanga waliotoka Muhuru Bay asubuhi ileile. Chumba cha nyuma tulilala, yeye na binti yake mdogo Atieno kitandani, mimi sakafuni kati ya gunia la unga na debe la maji. Ukuta uliotutenga na video ulikuwa wa udongo, umepigwa plasta upande mmoja tu, upande wao. Kwa hiyo nilizijua sinema kwa masikio kabla ya kuzijua kwa macho. Nikiwa namenya vitunguu nilisikia risasi, farasi, milango ikivunjwa, watu wakibusiana, na juu ya yote hayo sauti ya Athmani akitafsiri: "Sasa huyu anamwambia, mzee usinichezee, mimi si mtoto wa jana." Siku moja nilimuuliza alijifunza Kichina wapi. "Kichina sikijui, kijana," alinijibu bila haya. "Lakini mtu akikunja uso hivi na panga mkononi, wewe wadhani auliza bei ya nyanya?"

Ouma nilikuwa nimemwona mara chache, akija likizo. Alikuwa mfupi, mabega mapana, mtu wa kuangalia mikono yake anapozungumza. Safari ile alikuwa amekaa baharini muda mrefu kuliko kawaida, na Akeyo alikuwa na tabia moja ambayo sikuielewa mara moja. Athmani akiweka sinema yenye meli, dada aliniachia jiko akaenda kusimama nyuma ya watazamaji, mikono ikiwa bado na unga. Alitaka kuona mume wake anaishi vipi. Alirudi kila mara akiwa na mashaka. "Sijaona mtu akifanya kazi kule," aliniambia wakati mmoja. "Wanasimama tu wakiangalia mbali. Wanapigana. Wanaimba. Kwani hiyo meli inafagiliwa na nani?" Nilimwambia labda wana watu maalum wa kufagia. "Basi Ouma ndiye huyo mtu maalum," alisema, "na mimi nataka kumwona."

Odongo alifika asubuhi moja chapati za kwanza zikiwa bado kwenye kikaango. Akeyo aliliona begi kabla ya kumwona mtu: begi la turubai, jina la Ouma limeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni. Nyuma ya begi alisimama mwanamume mrefu, shati limefungwa hadi kooni.

"Wewe ndiye Mama Atieno?"

"Ndiye mimi."

"Shemeji, naitwa Odongo. Kwetu ni Rusinga. Nilikuwa meli moja na Ouma."

"Na yeye ako wapi?"

Odongo aliangalia jiko. "Wacha kwanza nikae," alisema.

Akeyo hakuuliza tena. Alimpakulia ndengu na chapati mbili, akamwekea maji ya kunawa, akasimama pembeni akimwangalia akila, nami nilielewa kwamba alikuwa anaichelewesha habari kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Na Odongo alikula yote, kwa sababu mgeni anayekataa chakula ameshasema alichokuja kusema. Alikula akiwa ameizungushia sahani mkono wa kushoto, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Nilikuwa nimesikia kwamba watu waliotoka jela hula hivyo. Nikaanza kumshuku hapo hapo, kabla hajafungua mdomo.

Alipofungua, aliyosema yalikuwa machache. Walikuwa safarini na meli ya saruji, bahari imetulia kama maziwa kwenye bakuli. Kazi yao mchana ilikuwa kugonga kutu kwa nyundo ndogo na kupaka rangi mahali palipogongwa, na wakimaliza upande huu, upande ule unakuwa umeshika kutu tena. Nguo zao zilijaa grisi ambayo sabuni haiiwezi. Kwa hiyo mabaharia wana njia yao: unaifunga ovaroli kwenye kamba ndefu, unafunga kamba kwenye vyuma vya nyuma ya meli, unaitupa baharini, na yale maji yanayokorogwa na mashine yanaipiga hadi itakate. Ouma alipenda kufanya hivyo alfajiri, akitoka zamu. Asubuhi ile hakuonekana kwenye chai. Wakamtafuta chumbani, chooni, kwenye tumbo la meli, hadi mahali minyororo ya nanga inapokaa. Kule nyuma wakaikuta kamba imefungwa pale pale, na mwisho wa kamba ovaroli yake bado inaburutwa majini. Kapteni aliirudisha meli walikotoka, wakatafuta hadi jua likachwa. Basi. Hakuna aliyemwona akianguka, hakuna aliyesikia. Wakala wa Mombasa aliandika kwamba ametoweka.

Akeyo alilifungua begi. Juu ya vitu vyote kulikuwa na ile ovaroli, imekunjwa, rangi yake ya buluu imepauka karibu kuwa nyeupe. Aliinusa. "Imetakata," alisema, akaikunja tena kama ilivyokuwa.

Sasa ni lazima nieleze jambo lililomkaba dada yangu, kwa sababu msomaji wa mbali anaweza kudhani kwamba mtu akifa amekufa. Kwetu, mtu aliyepotea majini na mwili usipatikane huzikwa hata hivyo. Linatafutwa tunda la mti tunaouita yago, ule mvungunya wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kama mikono ya watu wazima. Tunda hilo linalazwa kwenye jeneza, linaliliwa, linafukiwa mbele ya nyumba yake kama mwili. Baada ya hapo mke ni mjane, mtoto ni yatima, na kila mmoja anajua anasimama wapi. Lakini yago haizikwi kwa uvumi. Ukimzika aliye hai umemwitia kifo. Kwa hiyo wazee wa ukoo lazima waridhike kwamba mtu amekufa, na bila hilo Akeyo angebaki mke wa mtu asiyekuwapo. Hangeweza kuomboleza wala kuacha kungoja, na kila mwanamume atakayeketi kula chapati zake mara mbili mfululizo angekuwa kesi huko kwa wakwe.

Alinituma Homa Bay kuwaita. Boma la kina Ouma lilikuwa juu kidogo ya mji, mahali ambapo ungeona gati na magugu yaliyokuwa yameanza kulifunika ziwa, kijani kibichi kama shamba ambalo hakuna aliyelipanda. Mama yake, tuliyemwita Min Ouma, alikuwa anaanika omena. Nilipomweleza hakupiga yowe. Aliendelea kuwatawanya wale samaki wadogo kwenye wavu, akahakikisha hakuna aliyelala juu ya mwenzake, kisha akasema, "Nani alimwona akifa?" Nikasema hakuna. "Basi," alisema, "hajafa."

Walikuja Migori wawili: yeye na shemeji yake Mzee Aloo, ndugu wa marehemu baba yake Ouma. Mzee Aloo alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye gati la Homa Bay akipakia meli za ziwani, na kwa hiyo hakuna mtu katika ukoo aliyethubutu kubishana naye juu ya chombo chochote kinachoelea. Akeyo alifunga hoteli, akawapikia ngege na ugali wa mtama, wakala kimya, wakanawa, ndipo Odongo akaitwa kutoka chumba alichopewa na Athmani nyuma ya video. Alirudia habari ile ile, kwa maneno yale yale. Alipofika kwenye ovaroli, Mzee Aloo aliinua mkono.

"Simama hapo. Unasema alikuwa anafanya nini?"

"Anafua, mzee."

"Anafua nini?"

"Nguo yake."

"Mwanamume ana mke. Ana mtoto. Ako kwa meli kubwa ya wazungu. Anafua nguo?"

"Huko mke hayuko, mzee."

"Mwanangu hakufua nguo," alisema Min Ouma. "Tangu nimzae sijamwona akifua nguo."

"Mama, huko kila mtu anafua yake."

"Na akaanguka, hakupiga kelele?" aliuliza Mzee Aloo.

"Labda alipiga."

"Na nyinyi mko hapo hapo hamkusikia! Mimi nimekaa na meli," alisema Mzee Aloo. "Mtu akianguka pale gati hata mwenye kuuza karanga anajua. Wewe kijana, kuna kitu umemeza. Tapika."

Odongo hakuwa na la kutapika. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake: habari yake haikuwa na mwanzo wala mwisho, mtu alikuwapo kisha hayupo. Hata mimi sikumwamini. Nilikuwa nimeshazipanga shaka zangu tatu. Ya kwanza, kwamba aligombana na Ouma akamsukuma. Ya pili, kwamba Ouma alishuka bandarini akaoa, na Odongo ametumwa kumfunikia. Ya tatu, na hii sikumwambia mtu, kwamba jamaa huyu alimtaka dada yangu na amekuja na begi kama hati ya kumilikishwa.

Ni Mzee Aloo aliyewaza sinema. Alikuwa ameuona ubao wa chaki wenye majina ya sinema mlangoni kwa Athmani. Akamwita akamuuliza kama ana mkanda unaoonyesha kazi ya meli za mizigo, meli kubwa za baharini, si hizi za ziwani. "Tutaangalia wenyewe," alisema. "Kamera haina undugu na mtu." Athmani alisema anao mmoja Kisumu kwa mwenzake, utafika na basi. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alikuwa mfanyabiashara, na alimheshimu mzee.

Ulipofika aliwaonyesha mchana, milango imefungwa, watazamaji ni sisi tu. Mzee Aloo aliketi benchi la mbele na bakora yake, Min Ouma kando, Akeyo nyuma yao na Atieno mapajani. Odongo aliwekwa pembeni, karibu na skrini, kama mshtakiwa. Nilisimama mlangoni. Meli ilitokea, nyeupe, safi, haina hata doa la kutu, na Athmani akaanza, "Hii sasa ndiyo meli. Huyu mwenye kofia ndiye kapteni. Anasema twendeni."

"Simamisha," akasema Mzee Aloo. Picha ikaganda, ikitetemeka. "Odongo, kapteni wenu alikuwa anashika usukani hivi?"

"Hapana, mzee. Kapteni hashiki usukani. Anashika baharia wa zamu."

"Kwa hivyo huyu si kapteni?"

"Huyu ni mwigizaji, mzee."

"Nimekuuliza ni kapteni au si kapteni."

Wakaendelea. Mabaharia waliegemea vyuma wakivuta sigara. Walicheza karata. Mmoja alipiga gitaa. "Hawa hawafui," alisema Mzee Aloo.

"Hawaonyeshi, mzee. Hata kwenda choo hawaonyeshi."

Athmani alicheka kabla ya kujizuia. "Wallahi hapo amesema kweli. Tangu nianze video, sijaona mtu akienda choo ila yule anayetaka kuuawa humo."

Hakuna mwingine aliyecheka. Meli ilikuwa imefika bandarini, na mabaharia wakaingia kwenye baa yenye moshi na wanawake wenye nguo nyekundu. Kule mwisho, karibu na ukuta, aliketi mwanamume mweusi, mgongo kwetu, kikombe mkononi. Hakuwa mtu yeyote, alikuwa amewekwa pale kujaza chumba. Min Ouma alishika mkono wa Mzee Aloo. "Rudisha," alisema. Athmani akarudisha. Baa, moshi, nguo nyekundu, mgongo. "Rudisha tena." Mara ya tatu aliinuka akaenda hadi kwenye kile kisanduku cha vyuma akainama, uso wake ukawa buluu kwa mwanga. "Hayo ni mabega ya Ouma," alisema. "Mwambie ageuke."

"Mama, hageuki," alisema Athmani kwa upole. "Sinema hii ni ya zamani. Watu hawa wote ni wa kulipwa."

"Atageuka. Angoje tu."

Nilimtazama Akeyo. Macho yake hayakuwa kwenye skrini, yalikuwa kwenye mgongo wa mama mkwe wake, na nililiona jambo lenyewe likimshukia: kwamba mama huyu angeweza kungoja ule mgongo ugeuke hadi mwisho wa maisha yake, na yeye Akeyo angeamriwa kungoja naye.

Baadaye ikaja dhoruba. Umeme, maji yakimwagika sitahani, mtu akateleza, akapiga yowe, kengele ikalia, wote wakakimbia, kamba zikatupwa, kapteni akazungusha usukani kwa nguvu zake zote. Mzee Aloo aligeuka taratibu. "Umeona?" alimwambia Odongo. "Mtu akianguka, hivi ndivyo inakuwa." Odongo aliinamisha kichwa.

Nimeifikiria sinema ile mara nyingi. Baada ya kuzunguka vya kutosha, kupima tumbaku Kehancha, kuuza viatu Kisumu, kubeba magunia Mombasa, mimi mwenyewe nilipata kazi ya kuosha vyombo kwenye meli ya mizigo, na jambo la kwanza lililonigonga ni mlio. Hakuna aliyewahi kuniambia habari ya mlio. Mashine haikomi kunguruma, iko sakafuni, iko kwenye meno, iko ndani ya kikombe cha chai. Kule nyuma ya meli unamfokea mtu sikioni na bado anakuuliza, "Nini?" Watengeneza sinema wameutoa mlio huo ili watu wao wapate kuongea, na wakiutoa mlio wameitoa meli yenyewe. Mzee Aloo aliketi katika chumba tulivu Migori akaamini kwamba yowe la mtu baharini linasikika. Niliona pia kwamba sote tunakula tumeizungushia sahani mkono, kwa sababu meza inainama. Nikaona kutu. Na ile njia ya kufua kwa kamba niliijaribu, kisha bosi wa sitaha akanikemea, akasema mtu anaweza kuvutwa na kamba akaenda nayo.

Lakini sikuweza kuacha kushuku hata hapo. Ovaroli yangu ilikaa majini kwa muda mfupi tu, nikaipandisha mikono yake imeraruka kuwa nyuzi. Ile ya Ouma, ambayo Odongo alisema iliburutwa kutoka alfajiri hadi baada ya chai, ilikuwa nzima, hata vifungo vilikuwapo. Je, ilipandishwa mapema kuliko alivyosema? Na nani? Nilimpigia Akeyo simu nikiwa bandarini nikamweleza. "Labda meli yao ilikuwa inaenda polepole," alisema, akaniuliza kama ninakula vizuri.

Narudi Migori. Wakwe waliondoka bila kuamua lolote, ambayo ni njia ya kuamua. Odongo alibaki kwa Athmani. Asubuhi zilizofuata, kabla video haijafunguliwa, nilisikia kupitia ule ukuta kengele ikilia, yowe, maji, kisha mkanda ukirudishwa nyuma, kisha kengele tena. Nilidhani Athmani anasafisha mashine. Siku ya tatu nilichungulia. Odongo alikuwa peke yake benchi la mbele, ametandaza viganja vyake mapajani, akitazama dhoruba kwa makini kama mwanafunzi wa siku ya mtihani.

"Unaangalia nini, omera?" nilimuuliza.

"Naangalia vile wanashika kamba," alisema.

Alikwenda Homa Bay mwenyewe. Tuliyasikia aliyoyasema huko kutoka kwa Mzee Aloo, aliyekuja kumwambia Akeyo kwamba yago itazikwa. Mzee alikuwa mtu mwingine, karibu mchangamfu. "Si nilikuambia kijana alikuwa amemeza kitu? Ametapika. Kulikuwa na dhoruba. Kengele ililia. Yeye ndiye alikuwa ameshika kamba ya Ouma, ikamponyoka. Ndiyo maana alikuwa anaficha. Aliona aibu." Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ile habari ya kufua! Mtu akidanganya utajua tu."

Mzee alipoondoka, Akeyo alikwenda kwa Odongo, aliyekuwa amerudi na anafunga vitu vyake. Niliwasikia kupitia ukuta, kama nilivyosikia kila kitu mwaka ule.

"Kwa nini umesema hivyo?"

"Shemeji, ile ya kwanza hawakuitaka."

"Na aibu umejipaka wewe."

"Aibu ya kamba inaisha. Mimi naenda Mombasa."

"Nini unataka kwangu, Odongo?"

Nilibana sikio kwenye udongo. "Chapati mbili za njiani," alisema, "kama ziko." Hakurudi kumposa wala kumsumbua, miaka yote ile, na jambo hilo lilininyima shaka niliyokuwa nimeitunza kuliko zote.

Yago ilizikwa Homa Bay, mbele ya nyumba ambayo Ouma alikuwa ameanza kuijenga, madirisha hayajawekwa bado. Jeneza lilikuwa refu kuliko tunda, wakajazia nguo zake pembeni. Habari ya kifo ilisimuliwa na Mzee Aloo kwa niaba ya Odongo, na tayari mawimbi yalikuwa yamefika paa la nyumba. Kisha akaitwa mjane aseme neno. Nilimjua dada yangu: tangu tukiwa wadogo alikuwa hawezi kupitisha uongo mdomoni bila uso kumsaliti, na neno moja la kufua lingelirudisha tunda mtini. Alisimama, akaishika leso kwa mikono miwili. "Mume wangu alikufa akiwa kazini," alisema. "Nawashukuru kwa kunirudishia yeye." Akaketi. Niliyapima maneno hayo pande zote, kama mtu anayekagua noti, na sikupata mahali pa kuyakamata.

Asubuhi iliyofuata wanawake walikuwa jikoni wakiwasha moto wa chai ya waliolala matangani. Moshi ulikuwa mwingi. Akeyo alikuwa anakatakata viazi vitamu, nami nimeketi kizingitini na kikombe changu, nikingoja kuambiwa nikachote maji. Min Ouma aliingia, akawaambia wale wengine wakaangalie wageni, akavuta kigoda akaketi karibu na Akeyo. Kwa muda alisukuma kuni tu.

"Yule kijana alisema walikuwa wanafuaje?" aliuliza.

Kisu cha Akeyo kilisimama. Aliniangalia mimi, kisha moto. "Wanafunga nguo kwa kamba, mama. Wanaachilia nyuma ya meli."

"Na sabuni?"

"Hakuna sabuni. Maji yenyewe inapiga."

Mama alilifikiria hilo. "Nilimfundisha mimi," alisema. "Hapo chini ziwani, kabla hata hajafikiria kuoa. Alikuwa hataki nguo yake ishikwe na mtu mwingine. Dada zake walikuwa wanamcheka." Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, na moshi ulikuwapo kwa atakayetaka kuulaumu. "Sasa mbele ya Aloo, mbele ya wanaume wote wale, ningesema mtoto wangu alikufa akifua?"

"Hapana, mama."

"Na ilitakata?"

"Ilitakata," alisema Akeyo. "Ilitakata sana."

Min Ouma aliitikia kwa kichwa, akachukua kiazi kutoka kwenye lundo la Akeyo, akaanza kukimenya.